Steve Jobs: mtu aliyeuza laptopu ya bei ya chini bila kuachilia faida

Mtu akiingia katika duka la kompyuta mjini Goma ao Bukavu na dola 300 mfukoni, mara nyingi atakuta meza mbili. Juu ya meza ya kwanza kuna laptopu za majina mengi, na hapo bei inazungumzwa: unaanzia 350, unashuka kidogo, mnapatana. Juu ya meza ya pili kuna zile zenye alama ya tofaa lililoumwa. Hapo hata ile ndogo kuliko zote, hata ile iliyokwisha kutumika miaka mitano Ulaya, muuzaji hashuki sana. Mnunuzi anadhani ni ukaidi wa muuzaji. Sivyo. Ukaidi ule ulianzia mbali, kwa mtu mmoja wa California aliyefariki tarehe 5 Oktoba 2011, wakati watoto ambao leo wanasoma sekondari walikuwa wangali wanabebwa mgongoni.

Wengi wanamkumbuka Steve Jobs kwa sababu ya simu. Lakini maisha yake yanaweza kusomwa pia kupitia karatasi ya bei. Tangu ujana hadi mwaka wake wa mwisho alihangaika na swali moja ambalo kila mfanyabiashara wa soko la Kadutu analijua kwa namna yake: kitu chenye jina kubwa kinaweza kushuka bei mpaka wapi, bila faida kuisha na bila jina lenyewe kuchakaa? Alikosea mara tatu kabla ya kupata jibu, na makosa hayo yalimgharimu kazi yake.

Alizaliwa San Francisco tarehe 24 Februari 1955. Baba mzazi wake, Abdulfattah Jandali, alikuwa mwanafunzi kutoka Siria. Mama mzazi, Joanne Schieble, alikuwa Mmarekani. Hawakuwa wameoana. Mtoto akapewa familia ya Paul na Clara Jobs, watu wa kipato cha kadiri, wakamlea kama wa kwao.

Paul Jobs alikuwa fundi wa mashini na hakumaliza sekondari. Kwa wakati fulani kazi yake ilikuwa kufuatilia magari ya watu walioshindwa kulipa deni. Jioni na mwisho wa juma alinunua gari kuukuu kwa dola 50 hivi, akalitengeneza gereji ya nyumbani kwa majuma machache, kisha akaliuza 250. Pesa hizo ndizo zilizowekwa akiba ya kumsomesha mtoto. Kijana Steve hakupenda sana kujipaka mafuta ya gari. Alichopenda ni kumfuata baba yake kwenda kutafuta vipuri na kumsikiliza akipatana bei, kwa sababu Paul alijua thamani ya kipuri kuliko yule aliyekiuza. Baadaye, akifanya kazi katika duka la vifaa vya umeme, Steve alienda soko la mitumba la San Jose, akanunua mbao za umeme zilizokwisha kutumika, akatoa vipuri vyenye thamani na kumuuzia tajiri wake kwa faida.

Biashara yake ya kwanza ya kweli haikuwa ya halali. Kati ya mwaka wa 1971 na 1972, yeye na rafiki yake Steve Wozniak, fundi wa ajabu aliyemzidi umri, walitengeneza kisanduku kidogo cha kupiga simu za mbali bila kulipa. Wozniak alichora na kuunganisha. Jobs alihesabu. Vipuri viligharimu dola 40 hivi; yeye akaamua kwamba bei iwe 150. Waliuza karibu mia moja. Kazi iligawanyika hivyo siku ile, mmoja akijua mashini na mwingine akijua bei, na iliendelea kugawanyika hivyo.

Chuo cha Reed alikiacha baada ya miezi michache. Akafanya kazi Atari, kampuni ya michezo ya video, akasafiri India mwaka wa 1974, akarudi na kichwa kilichonyolewa na hamu ya mafundisho ya Zen. Watu wameandika mengi juu ya safari ile. Kwa habari yetu haina uzito.

Tarehe 1 Aprili 1976 Jobs, Wozniak na mtu wa tatu, Ronald Wayne, walianzisha Apple. Wayne aliogopa madeni, akatoka baada ya siku 12 akiwa na dola 800. Mtaji wa wengine ulitokana na gari la Volkswagen aliloliuza Jobs na mashini ya hesabu aliyoiuza Wozniak. Mwenye duka moja, Paul Terrell, aliomba kompyuta 50 kwa dola 500 kila moja. Jobs alichukua vipuri kwa mkopo wa siku 30, wakaunganisha mashini nyumbani kwa Paul na Clara, wakapeleka, wakalipwa, wakalipa deni. Dukani bei iliwekwa dola 666.66, kwa sababu Wozniak alipenda tarakimu zinazojirudia. Bei hiyo ilikuwa karibu mara tatu ya gharama ya kuitengeneza.

Mwaka uliofuata ilitoka Apple II, dola 1,298, ikaenda vizuri kupita matarajio. Tarehe 12 Desemba 1980 hisa za kampuni ziliingia sokoni, na Jobs, mwenye miaka 25, akawa na mali ya zaidi ya dola milioni 200.

Hapa kuna jambo ambalo haliwezi kurukwa. Mwaka wa 1978 Jobs alizaa binti, Lisa, na rafiki yake wa zamani. Alimkana. Kesi ikaenda mahakamani, vipimo vikaonyesha kwamba yeye ndiye baba, na malezi yakawekwa dola 385 kwa mwezi. Yeye mwenyewe akapandisha hadi 500. Karatasi hizo zilimalizika siku chache tu kabla ya hisa kumfanya tajiri. Wakati huohuo kampuni ilikuwa inatengeneza kompyuta iliyobeba jina la mtoto huyo. Ilipotoka Januari 1983, kompyuta ya Lisa iliuzwa dola 9,995. Mtu aliyejua kuweka bei ya kila kitu alikuwa amehesabu vibaya pande zote mbili. Kompyuta ile haikupata wanunuzi, na hilo likawa kosa la kwanza. Na binti yake alichukua miaka mingi kabla ya kukubaliwa kabisa.

Kosa la pili lilikuwa la Macintosh. Mwanzoni Macintosh ilikuwa wazo la mtu mwingine, Jef Raskin, aliyetaka kompyuta ya mtu wa kawaida, ya karibu dola 500, kisha 1,000. Jobs aliichukua kazi hiyo mwaka wa 1981 na kuanza kuongeza: picha nzuri zaidi juu ya kioo, kipanya, umbo ambalo mtu angetamani kuliweka sebuleni. Kila kitu kizuri kilikuja na bei yake. Bei iliyopangwa ikafika 1,995. Karibu na siku ya kuitoa, mkurugenzi John Sculley, ambaye Jobs mwenyewe alikuwa amemtoa Pepsi, aliongeza dola 500 ili kulipia matangazo. Jobs alipinga kwa nguvu na akashindwa. Tarehe 24 Januari 1984 Macintosh ilitoka kwa dola 2,495, ikiwa na kumbukumbu ndogo ya kilobaiti 128.

Ajabu ni kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani waliweza kuipata kwa karibu dola 1,000, kwa mapatano ya kampuni na vyuo vyao. Mashini ni ileile. Kwa hiyo ukweli ulikuwa mezani: bei ya 2,495 haikutoka katika gharama ya kiwanda. Ilitoka katika uamuzi wa nani alipe kiasi gani. Somo hili Jobs hakulisahau, ijapo wakati ule halikumsaidia. Mauzo yalishuka baada ya miezi ya kwanza, ugomvi na Sculley ukaongezeka, na Septemba 1985 Jobs akaondoka katika kampuni aliyoianzisha.

Kosa la tatu alilifanya akiwa bwana wa nyumba yake. Alianzisha NeXT, kompyuta ya vyuo vikuu. Vyuo vilimwambia mapema kwamba haviwezi kulipa zaidi ya dola 3,000 hivi. Mwaka wa 1988 akatoa sanduku jeusi la kupendeza, lenye pembe zilizonyooka kabisa, kwa dola 6,500. Katika miaka yote ziliuzwa karibu 50,000 tu, na mwaka wa 1993 kiwanda kikafungwa. Kilichomwokoa wakati huo ni Pixar, karakana ya filamu za katuni aliyoinunua mwaka wa 1986, iliyokuja kushinda na Toy Story mwaka wa 1995.

Tuache NeXT kidogo turudi Apple, kwa sababu kilichotokea kule bila yeye ndicho kinachoeleza alichofanya baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakubwa wa Apple waliamua kuuza ghali. Mfaransa Jean-Louis Gassée, aliyesimamia bidhaa, alishika msimamo kwamba faida ghafi isishuke chini ya 55%. Faida ghafi ni pesa inayobaki baada ya kuondoa gharama ya kutengeneza kitu, kabla ya kulipa mishahara ya ofisi, utafiti na matangazo. Maana yake, mtu akilipa dola 100, mashini yenyewe isigharimu zaidi ya 45. Kwa muda ilifanya kazi. Kisha kompyuta za wengine, zenye programu za Microsoft, zikazidi kuwa nzuri huku bei zao zikishuka, na mwishoni mwa 1989 wanunuzi wakaanza kukimbia.

Oktoba 1990 Apple iligeuka ghafula. Ikatoa Macintosh Classic kwa dola 999. Watu walinunua kwa wingi, viwanda vikashindwa kufuata. Lakini mashini ilikuwa ya polepole, na ndani yake hamkuwa na jambo jipya. Wale ambao wangenunua ya ghali wakanunua hii. Faida ghafi ya kampuni, iliyokuwa zaidi ya 50% mwaka wa 1990, ilianguka hadi karibu 34% mwaka wa 1993. Baadaye waliruhusu kampuni nyingine kutengeneza kompyuta zinazotumia programu zao, wakitumaini soko litapanuka. Badala yake majirani hao wakawanyang'anya wateja wao wenyewe. Mwaka wa fedha wa 1997 uliisha na hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.

Kwa hiyo Apple ilikuwa imejaribu bei ya juu ikapoteza watu, ikajaribu bei ya chini ikapoteza pesa.

Mwishoni mwa 1996 Apple ilikubali kuinunua NeXT, na Jobs akarudi pamoja nayo. Katikati ya 1997 alikuwa ndiye anayeamua. Alifunga mlango wa zile kampuni za kuiga. Alikubali dola milioni 150 kutoka Microsoft, adui wa zamani. Kisha akachora mraba wenye vyumba vinne: kompyuta ya mezani na ya kubeba, kwa mtu wa kawaida na kwa mtaalamu. Vingine vyote, makumi ya bidhaa, vikatupwa.

Machi 1998 akamwajiri Tim Cook kusimamia ununuzi na usafirishaji. Hii ni sehemu ya maisha ya Jobs ambayo watu hawaichezei filamu, lakini faida ilizaliwa hapo. Kompyuta ikikaa depo inapoteza thamani kama samaki wa Ziwa Kivu aliyewekwa juani, kwa sababu kila mwezi vipuri vipya vinashuka bei. Cook alipunguza wauzaji wakubwa wa vipuri kutoka 100 hadi 24 na kufunga depo 10 kati ya 19. Mzigo uliokuwa unalala mwezi mzima ulifika siku 6 mnamo Septemba 1998, na siku 2 mwaka mmoja baadaye. Pesa iliyookolewa pale iliruhusu kushusha bei bila kugusa faida. Gassée na Sculley hawakuwa na nafasi hiyo.

Kompyuta ya mezani ya rangi, iMac, ilitoka Agosti 1998 kwa dola 1,299, na ziliuzwa 278,000 katika majuma sita ya kwanza. Chumba kimoja cha mraba kilibaki tupu: kompyuta ya kubeba ya mtu wa kawaida.

Tarehe 21 Julai 1999, mjini New York, Jobs alipanda jukwaani na iBook. Ilikuwa ya mviringo, ya rangi ya bluu ao ya machungwa, na ilikuwa na mshikio kama mkoba. Alitembea nayo huku iko kwenye intaneti, kisha akaipitisha ndani ya duara la plastiki ili watu waone kwamba hakuna waya. Bei: dola 1,599.

Hiyo ndiyo iliitwa laptopu ya bei nafuu. Kwa mwanafunzi wa Bukavu wa mwaka ule, mji ukiwa katikati ya vita, 1,599 ilikuwa nyumba. Hata kwa Mmarekani wa kawaida haikuwa ndogo; laptopu za wengine za bei hiyo ao chini yake zilikuwepo. Lakini Jobs hakuipima na laptopu za wengine. Aliipima na dada yake mkubwa, PowerBook, iliyoanzia dola 2,499. Ukisimama mbele ya ile, iBook ilionekana rahisi.

Angalia alichoondoa na alichoacha. Aliondoa mlango wa kuunganisha kioo kingine, mlango wa kadi za ziada, mlango wa haraka wa FireWire. Kioo kilikuwa kidogo na mashini ilikuwa na uzito wa kilo 3. Vitu ambavyo mtaalamu angevilipia havikuwekwa, ili mtaalamu asishawishike kununua ya rahisi. Lakini kile ambacho mkono unagusa na jicho linaona hakukipunguza: umbo, rangi, mshikio, namna inavyofunguka. Intaneti isiyo na waya aliitangaza jukwaani, lakini kadi yake ilikuwa dola 99 za ziada, na kituo cha kurushia mawimbi 299. Mteja aliingia kwa mlango wa 1,599, na akiwa ndani alikuta ngazi.

Hapo ndipo alipopishana na Macintosh Classic. Ile ya 1990 ilishusha bei kwa kutoa mashini dhaifu kwa watu wote. iBook ilishusha bei kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, mwanafunzi na familia, na kuacha sababu wazi kwa yule mwingine kulipa zaidi. Na bei yenyewe ilishuka polepole, kila mara gharama ilipokwisha kushuka kwanza: Mei 2001 ilitoka iBook nyeupe, nyepesi zaidi, kwa dola 1,299, mwishoni mwa 2002 ile ya chini ikafika 999.

Januari 2005 alijaribu kushuka zaidi, kwa njia ya ujanja. Mac mini iliuzwa dola 499. Ndani ya sanduku hamkuwa na kioo, kibodi wala kipanya. Aliyekuwa navyo alibahatika.

Lakini mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Mei 2006. Laptopu ya MacBook, mrithi wa iBook, ilitoka kwa bei tatu. Nyeupe ya kwanza, 1,099. Nyeupe ya pili, yenye nguvu zaidi, 1,299. Nyeusi, 1,499. Ukilinganisha nyeupe ya pili na nyeusi, tofauti pekee ya ndani ilikuwa diski: gigabaiti 60 kwa nyeupe, 80 kwa nyeusi. Na mtu aliyetaka nyeupe iwekewe diski ya 80 aliongezewa dola 50. Kwa hiyo dola 150 zilizobaki zilikuwa za rangi. Watu walihesabu, wakacheka, wakalalamika, na wengi wakanunua nyeusi. Mimi naona hakuna karatasi ya faida inayosema wazi kuliko sanduku lile. Plastiki nyeusi haigharimu kiwanda dola 150 zaidi ya nyeupe.

Hivyo laptopu ya chini haikuwa na kazi ya kuleta faida kubwa yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwa na bei inayoweza kuandikwa kwa herufi kubwa dirishani. Faida nono ilikaa ngazi ya pili na ya tatu: kumbukumbu ya ziada, diski kubwa zaidi, rangi.

Mwaka wa 2008 mfumo huo uliwekwa katika jaribu kali. Kampuni ya Asus ya Taiwan ilikuwa imeleta laptopu ndogo za dola 300 na 400, na wengine wakaiga upesi. Uchumi wa Marekani ulikuwa unaanguka. Watu wa benki walimuuliza Jobs kwa nini naye hafanyi hivyo. Oktoba ya mwaka ule, katika mazungumzo na wawekezaji, alijibu kwamba kampuni yake haijui kutengeneza kompyuta ya dola 500 isiyokuwa takataka, na kwamba asili yao haiwaruhusu kuitoa. Mwezi uleule alishusha MacBook nyeupe hadi 999 na kuweka mpya ya aluminiamu juu yake kwa 1,299. Hakusogea zaidi ya hapo.

Wengi walimwona mwenye kiburi. Hesabu zilimpa haki. Wauzaji wa kompyuta za kawaida waliishi kwa faida nyembamba. Dell, iliyokuwa kubwa kati yao, ilibakiwa na karibu dola 18 za faida ghafi kwa kila 100. Apple ilikuwa na 27.5 mwaka wa 2003 na 40.5 mwaka wa 2011. Ni lazima kusema ukweli: sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na simu, na kampuni haikutangaza faida ya kila bidhaa peke yake. Lakini mwaka wa 2009 kampuni ya uchunguzi wa soko NPD ilihesabu kwamba madukani Marekani, katika kila dola 10 zilizotumika kununua kompyuta za zaidi ya dola 1,000, karibu 9 zilikwenda Apple. Wengine waliachiwa kugombania meza ya kwanza.

Swali la dola 500 hakulisahau. Alilijibu Aprili 2010 na iPad, dola 499, ambayo haikuwa laptopu, kwa hiyo haikuweza kulinganishwa na laptopu yoyote.

Wakati huo mwili wake ulikuwa unamshinda. Uvimbe wa kongosho uligunduliwa mwaka wa 2003, na alikataa upasuaji kwa miezi tisa akitafuta kujitibu kwa chakula na njia nyingine, jambo ambalo watu wake wa karibu walilijutia. Mwaka wa 2009 alipandikizwa ini. Mshahara wake rasmi wa Apple, tangu aliporudi, ulikuwa dola 1 kwa mwaka. Mali yake ilikuwa katika hisa.

Na hapa karatasi ya bei inatufikia sisi. Ndani ya laptopu, ya ghali ao ya rahisi, mna bati linalounganisha vipuri, mna tantali katika vipuri vidogo vinavyotunza umeme, mna kobalti katika betri. Bati linatoka katika kasiterite, tantali katika koltani. Hapa mashariki hakuna haja ya kueleza zaidi. Walio na umri wanakumbuka jinsi bei ya koltani ilivyopanda mwishoni mwa 2000 na kuanguka mwaka uliofuata, na ni nani walikuwa wanashika bunduki karibu na mashimo.

Juni 2010 mteja mmoja alimwandikia Jobs barua pepe kumuuliza juu ya madini ya vita ya Congo. Alijibu mwenyewe, kwa maneno machache: kwamba kampuni inawadai wauzaji wake hati za kuthibitisha kwamba madini hayatoki katika vita, lakini bila njia ya kikemia ya kutambua mgodi yalikotoka, tatizo ni gumu sana. Jibu halikuwa la uongo. Lakini mtu aliyejua bei ya plastiki nyeusi na idadi ya siku ambazo sanduku linalala depo alikuwa na uwezo wa kuuliza maswali mengi zaidi kwa wale waliomuuzia bati. Walipokuwa wanashindania gharama, Cook na watu wake walifuatilia kila kipuri. Walipoulizwa mgodi, njia ikawa ndefu.

Julai ya mwaka ule Rais Barack Obama alisaini sheria ambayo wachimbaji wa Kivu waliiita kwa jina lake, inayodai kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya Marekani zitangaze kama madini yao yanatoka Congo ao kwa majirani zake. Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Wachimbaji walikaa bila kazi, na wanaowategemea pia, hadi Machi 2011.

Katikati ya miezi hiyo, Oktoba 2010, Jobs alitoa laptopu yake ya mwisho ya ngazi ya chini: MacBook Air ndogo, nyembamba kama bahasha. Ile ya kwanza, ya 2008, ilikuwa dola 1,799. Hii ilianzia 999. Haikuwa na sehemu ya CD, na diski yake ilikuwa gigabaiti 64 tu. Aliyetaka 128 aliongeza dola 200.

Julai 2011 MacBook nyeupe iliondolewa madukani na Air ikachukua nafasi yake kwa bei ileile. Tarehe 24 Agosti Jobs aliacha uongozi na kumwachia Tim Cook. Majuma sita baadaye alifariki nyumbani kwake Palo Alto, akiwa na miaka 56. Juni 2012, Air ndogo ilipotengenezwa upya, ilikuwa bado ni dola 999.